Bi Spana na Bomba la Mkono wa Kushoto

Saa nne asubuhi, miguu miwili iliyovaa soksi za kijivu inachomoza kutoka chini ya sinki la bafuni na kuziba mlango. Mwenye miguu hiyo amelala chali juu ya gunia lililokunjwa. Tochi ameibana kwa meno, spana iko mkononi. Nati ya bomba la zamani imeota kutu na haitaki kutoka.

"Hii imekaa humu muda mrefu kuliko mimi kwenye ndoa," anasema baada ya kuitoa tochi mdomoni.

Mama mwenye nyumba, aliyesimama ukumbini na ndoo tupu, anacheka kidogo. Kisha anatazama nyuma, kwenye kiti alichoketi mumewe.

Wateja wanamwita Bi Spana. Ana miaka arobaini na minne, mabinti wawili, na mume anayeendesha lori. Kazi ya bomba ameifanya miaka kumi na sita. Wiki njema hupata kazi tano au sita. Wiki mbaya hupata moja. "Ikiwa moja, naifanya polepole," anasema, "ili na mimi nionekane nina shughuli."

Ufundi hakuusomea. Alikuwa mfagizi katika jengo la ofisi la ghorofa nne, na bomba la choo cha wanawake lilikuwa likivuja kwa mwezi wa pili mfululizo. Kila asubuhi yeye ndiye aliyekausha sakafu. Siku moja alichoka, akaazima spana kwa mlinzi, akafunga maji na kulifungua bomba. Ndani alikuta kipande cha mpira kilicholika. Akavua kandambili yake, akakata kipande kingine cha ukubwa uleule.

"Nilirudi nyumbani kandambili moja ina tundu," anakumbuka. "Lakini sakafu ilikuwa kavu."

Baada ya hapo wafanyakazi wenzake walianza kumpeleka majumbani kwao, na jina likamganda. Mumewe hakupendezwa. "Alisema mke wa mtu halali chini ya sinki la mtu. Siku hizi ndiye anayegawa namba yangu huko barabarani."

Kazi ya leo ilianza juzi, katika duka la vifaa vya ujenzi. Bi Spana alikwenda na wenye nyumba kununua bomba jipya, kwa sababu ana msimamo wake: hafungi bomba ambalo hakulishika kabla ya kununuliwa. Amekutana na mengi yanayong'aa kama fedha, kumbe ndani ni plastiki. "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti," anasema.

Mzee mwenye nyumba ni fundi cherehani mstaafu mwenye miaka sitini na nane. Miezi saba iliyopita alipata kiharusi. Mguu umerudi, maneno yamerudi, lakini mkono wa kulia umebaki ukining'inia, hausikii baridi wala moto. Vishikio vya duara vya bomba lao vilikuwa vigumu, na kwa mkono wa kushoto alivizungusha kwa taabu. Wiki mbili kabla ya safari ya dukani alifungua maji ya moto akidhani ni ya baridi. Mkono wa kulia uliungua pale chini ya bomba, na yeye hakujua. Mkewe ndiye aliyeona ngozi imevimba malengelenge.

Tangu siku hiyo mkewe alimkataza kusogelea sinki. Akawa anamnawisha uso mwenyewe kila asubuhi, kwa kitambaa na beseni.

Dukani, Bi Spana alikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya chini na kuchukua bomba lenye kishikio kirefu kama mwiko. Ni bomba zuri kwa wagonjwa, alieleza. Unalifungua hata kwa kiwiko.

Mzee alilitazama tu. Hakulishika.

"Hilo ni la hospitali," alisema.

"Ni la mahali popote, mzee. Ni imara, na bei yake nafuu."

"Mwanangu, mimi nimewashonea watu suti miaka arobaini. Wengine hawakuwa na chakula nyumbani, lakini walitaka kola ikae. Sikuwaambia wavae gunia kwa sababu ni imara."

Mkewe alimwambia asimchoshe fundi wa watu. Mzee alikuwa tayari anatazama rafu ya juu, kwenye bomba jeusi lisilong'aa, jembamba, lenye shingo ndefu iliyopinda na kishikio kimoja chembamba ubavuni. Bei yake ilikuwa sawa na pato la Bi Spana la wiki mbili, na mzee alikuwa ameiweka akiba kutokana na kuuza cherehani yake moja.

Bi Spana anakiri kwamba pale alikosea. "Mimi nilikuwa nanunua kwa ajili ya ugonjwa. Yeye alikuwa ananunua kwa ajili ya bafu lake."

Lakini bomba jeusi lilikuwa na kasoro. Kishikio chake kilikuwa upande wa kulia. Kukifikia kwa mkono wa kushoto, mzee ilimbidi aupitishe mkono juu ya shingo ya bomba, na mwili ukayumba. Waliomba la upande wa kushoto. Muuzaji, mwanamume mwenye miwani na kalamu sikioni, alisema hayapo na hajawahi kuulizwa.

"Basi dunia nzima wanatumia mkono wa kulia," mzee alisema, akaelekea mlangoni.

Bi Spana alilichukua bomba lile, akaligeuza chini juu. Akaizungusha shingo mpaka ikakwama. Kisha akamwita mzee arudi.

Shingo, alieleza, imezuiwa na skrubu moja ndogo ili isizunguke zaidi ya robo ya mzunguko. Skrubu ikitolewa, shingo itazunguka yote. Hapo bomba zima linaweza kufungwa kinyume: kishikio kikatazama kushoto, shingo ikarudishwa mbele. Muuzaji alivua miwani. "Ukigusa hiyo skrubu, warantii imekufa. Likivuja, usiniletee hapa."

Bi Spana alimtazama mzee. Mzee alimtazama mkewe. Mkewe akatazama lile la rafu ya chini.

"Fundi kwa fundi," mzee alisema hatimaye. "Unaweza au huwezi?"

"Naweza. Ila sijawahi."

"Na mimi suti ya kwanza sikuwa nimewahi. Muuzaji, lifunge kwenye boksi."

Ndiyo sababu, asubuhi hii, Bi Spana hana mzaha mwingi kama kawaida yake. Nati ya zamani inatoka baada ya dakika arobaini na mafuta ya kulainisha. Anasugua tundu la sinki mpaka liwe jeupe, anaitoa ile skrubu ya shingo, anasimamisha bomba jeusi, kishikio kushoto. Mipira miwili ya maji anaiunganisha kinyume na karatasi ya maelekezo: wa maji ya moto anaupeleka mahali pa baridi, wa baridi mahali pa moto.

Hilo nalo alilifikiria tangu dukani. Bomba likigeuzwa, moto na baridi navyo vinageuka. Mipira isipobadilishwa, mtu akivuta kishikio kuja kwake, badala ya maji baridi yatatoka ya moto. "Kwa mtu mwingine ni usumbufu," anasema. "Kwa mzee huyu ni malengelenge."

Anafungua maji. Kwa dakika mbili kila kitu ni kikavu. Dakika ya tatu, tone moja linachomoza kwenye shingo, pale ilipokuwa skrubu. Linafuatwa na jingine.

"Linavuja?" mama anauliza kutoka ukumbini.

"Linavuja, mama."

Mzee, kwenye kiti chake, anasema, "Mpe nafasi. Mimi nimewaambia watu 'njoo kesho' miaka arobaini. Yeye ana saa moja tu hapa."

Bi Spana analifungua tena, anaivuta shingo, anatafuta kwenye mkebe wake wa pete za mpira. Ya kwanza nene mno. Ya pili inakaa. Anaipaka mafuta, anarudisha shingo na kuizungusha mara ishirini, akihesabu kwa sauti ya chini. Anafungua maji.

Halafu anafanya jambo ambalo wateja wengi hulishangaa. Anatandaza karatasi laini kavu chini ya sinki na kuzunguka shingo ya bomba, anafunga masanduku yake ya zana, na kuketi sakafuni. Atakaa hapo saa nzima.

Desturi hiyo ina miaka sita. Alifunga bomba katika nyumba ya ghorofani, akaondoka haraka kwenda kazi nyingine. Wenye nyumba walikuwa kazini nati ilipopasuka. Maji yalishuka mpaka kwa jirani wa chini, mama aliyekuwa na kichanga, na dari likaanguka juu ya kitanda. Kichanga kilikuwa mgongoni kwa mama yake.

"Hakuna aliyeniitia polisi," anasema Bi Spana. "Nilikwenda mwenyewe. Nilipiga dari, nikapaka rangi, siku kumi na mbili. Yule mama alikuwa ananipa chai na hasemi na mimi. Afadhali angenitukana."

Saa moja inapotimia, anaziokota karatasi moja moja na kuzigusisha shavuni, kwa sababu shavu, anasema, linasikia unyevu kuliko vidole. Zote kavu.

"Mzee, njoo."

Mzee anasimama, anatembea hatua nane akishika ukuta. Mkewe anamfuata na taulo na kile kitambaa cha kunawishia. Mzee anafika kwenye sinki, anaweka kidole kimoja cha kushoto chini ya kishikio na kukiinua. Maji yanatoka bila kelele. Anakivuta kidogo kuja kwake, anapima joto la maji kwa kidole, anakiacha hapo hapo.

Mkewe anapiga hatua mbele.

"Acha," mzee anasema, bila ukali.

Anainama. Anachota maji kwa kiganja kimoja na kujimwagia usoni. Mengi yanamwagika kifuani. Anachota tena, na tena, anasugua shingo, nyuma ya masikio, kama mtu anayejiandaa kwenda kazini. Inamchukua muda. Hakuna anayemharakisha. Akimaliza anafunga maji kwa kidole kilekile na kunyoosha mkono pembeni. Mkewe anampa taulo.

"Zaidi ya wiki mbili namnawisha," mama anasema baadaye, jikoni. "Leo sikujua nisimame wapi."

Mzee, shati limelowa, anazunguka sinki na kulikagua bomba kutoka kila upande, jinsi pengine alivyokuwa akikagua mgongo wa koti. "Limekaa," anasema. Bi Spana anaikubali sifa hiyo kwa kichwa, anakung'uta gunia lake nje ya mlango.

Njiani kuelekea kazi ya pili anaongea kuhusu chumba. Kiko barabara ya nyuma ya duka lile la vifaa, kina mlango mmoja wa chuma na hakina dirisha. Mwenye nacho amekubali kukikodisha kuanzia mwezi ujao, na binti yake mkubwa, anayemaliza masomo ya biashara, amekubali kukaa kaunta.

Hataki kuuza vitu vingi. Mabomba tu, labda aina kumi na tano. Lakini yatafungwa ukutani yote, juu ya sinki moja refu, na pipa la maji litakuwa juu ya paa.

"Dukani watu wananunua bomba kavu," anasema. "Wanalitazama, wanalipa, wanakwenda nalo. Kwangu mtu atalifungua kwanza. Mzee, mtoto, mwenye mkono mmoja. Ataondoka nalo akiwa ameshanawa."