Msalaba Ambao Sikuuweka Kwenye Somo la Nne

Jumamosi ile ningali naiona, mwanangu, kana kwamba nimeinuka kwenye lile benchi sasa hivi. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa nimekaa kwenye kona ya sebule ya Mama Kabange, huko mtaa wa Panda, Likasi, magoti nimeyabana, nikiomba moyoni mtu asiniulize kitu. Na Mama Kabange akaniuliza.

Nakuandikia haya kwa sababu ya maneno yako ya jana kwenye simu. Ulisema chuo kikuu kimekuomba, kwa kujitolea tu, upitie kozi ya mtandaoni ya mwenzako na useme kama imeandaliwa vizuri. Ukacheka. "Mama, ni kozi ya Didier, rafiki yangu. Nitaweka ndiyo kila mahali, niendelee na kazi zangu." Nikacheka na mimi. Lakini ulipokata simu, sahani yangu ya bukari, ugali wetu, ilipoa mezani bila kuguswa. Basi kaa, mwanangu, unisome polepole. Kuna jambo sijawahi kukuambia, na nimelitoa kwenye daftari langu la miaka ile, lile unalojua silionyeshi mtu.

Miaka ya tisini mji wetu wa migodi, Likasi, ulikuwa unanyamaza. Mashine zilizima moja baada ya nyingine, na ukimya wake ulitisha kuliko kelele zake za zamani. Walimu walikaa miezi mingi bila mshahara na bado walikwenda darasani, suruali zimepigwa pasi, tumbo halina kitu. Wanafunzi wa chuo waliokaa Kambove na kwenye kambi za mbali hawakuwa tena na gari la kuwaleta mjini. Ndipo walimu wachache wakasema: kama mwanafunzi hawezi kuifuata kozi, basi kozi imfuate. Wakaanza kuandika vitabu vidogo vya mwaka wa kwanza wa chuo, vya kusomwa nyumbani, mtu na kitabu chake. Simu hakuna, posta imekufa. Ukikwama kwenye ukurasa wa sita, umekwama. Wa kumuuliza yuko mbali.

Kwa hiyo walijiwekea desturi, na hakuna aliyelipwa kwa ajili yake. Kabla kitabu hakijapigwa chapa, kilipewa mtu mmoja asiyelijua somo lile. Akifanye chote nyumbani kwake, peke yake, bila kumuuliza mtu. Kila anaposimama, hata kidogo tu, aweke msalaba wa penseli pembeni. Mwishoni aandike kwenye karatasi kama inaeleweka au haieleweki, atie sahihi. Kisha mwalimu mwenye kozi anakaa mbele ya wenzake, na misalaba inasomwa mmoja mmoja. Nimeona watu wazima wakitoka jasho pale. Aliyesimamia ni Mama Kabange, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu. Kemia hakuijua wala hisabati ya chuo, ila uso wa mtu ambaye hajaelewa aliujua vizuri sana.

Mimi nilipewa kozi ya kemia ya Mwalimu Kasongo. Alikuwa jirani yetu; lupango yake na yetu, yaani viwanja vya nyumba, zilitenganishwa na ua wa matete tu. Walinichagua kwa sababu nilisoma ualimu na sikujua kitu cha kemia. Tena, nadhani, kwa sababu nilikuwa msichana wa kunyamaza. Kununua chumvi dukani kulinitoa jasho. Yote niliyoshindwa kusema niliyaandika daftarini.

Somo la nne lilikuwa la mikono. Kitabu kilisema: "Changanya sehemu moja ya asidi na sehemu tisa za maji, uache ipoe." Asidi yenyewe ilikuwa ile kali, na katika mji wetu haikuwa kitu cha kutafuta mbali, watu wa batri walikuwa nayo. Nikasimama uani na bilauri, chupa ya asidi na jagi la maji. Nikashika chupa, nikaiweka. Nikashika jagi, nikaliweka. Naanza na kipi?

Pale ndipo msalaba ulipotakiwa. Badala yake niliinua macho, nikamwona Mwalimu Kasongo upande wa pili wa ua akilimia matembele yake. Pamoja na haya yangu yote, yeye nilimzoea.

"Mwalimu, ninatanguliza nini?"

Hata hakunyoosha mgongo. "Asidi njo inaingia mu maji, Mado. Maji isiingie mu asidi hata siku moja, itachemuka, itakurukia mu macho." Akaendelea kulima.

Nikafanya hivyo, ikatoka vizuri. Kwenye karatasi nikaandika: inaeleweka. Kwenye daftari langu nikaandika: *leo nimemuuliza Mwalimu juu ya ua, amenijibu bila kunicheka.* Unaona, mwanangu? Ukweli niliuweka mahali ambapo hakuna mtu angeusoma.

Sasa ile Jumamosi. Mama Kabange alishika kitabu, akakigeuza huku na huku, akanitazama juu ya miwani.

"Mado. Somo ya ine haiko na musalaba hata moja. Na ni somo ya kushika asidi. Uliifanya weye peke?"

"Ndiyo, Mama."

"Haukuuliza mutu?"

Sebule nzima ilinigeukia. Nilimtazama Mwalimu Kasongo, nikitegemea atasema mwenyewe. Hakusema. Baadaye nilielewa kwamba hakukumbuka. Kwake lilikuwa neno dogo kama kumwambia mtoto asishike moto. Kozi yake ya mwaka uliotangulia ilirudishwa imejaa misalaba, wenzake wakamtania mpaka akakaa wiki bila kuja. Alikuwa amekonda, shingo inacheza ndani ya kola. Nikafikiri namfanyia wema. Na nisikudanganye: nilitaka pia yale macho yao yote yaniache.

"Sikuuliza, Mama."

"Munaona?" Mwalimu Kasongo akapiga goti lake kofi. "Miye nikiandika, hata mutoto wa pedagojia anaelewa!"

"Aa, Kasongo," akasema mwalimu wa hisabati, "leo utalala na koti, kifua kisishuke." Watu wakacheka, na kozi ikapita.

Jumatatu vitabu vya Kambove viliondoka na lori la makaa. Jumanne nilikuwa kwa Mama Kabange nikishona migongo ya vile vya Panda kwa sindano na uzi. Kimoja kikafunguka mikononi mwangu kwenye somo la nne. Nikasoma. Changanya sehemu moja ya asidi na sehemu tisa za maji. Nikasoma tena, nikitafuta yale maneno ya "asidi njo inaingia mu maji". Hayakuwapo. Yalibaki kwenye matembele.

Mama Kabange alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, akikunja karatasi. Ilitosha niseme sentensi moja tu. Nikaendelea kushona. Nikajiambia, labda wa Kambove wanajua. Jumatano nikaenda mpaka mlangoni kwake, nikasikia ana wageni, nikarudi. Siku mbili, mwanangu. Kila nilipofumba macho niliona mtu ameshika jagi.

Alhamisi asubuhi na mapema nilimkuta akifagia. Nikamwambia yote kwa pumzi moja, nikitazama ufagio. Nilitegemea kofi. Alisimamisha ufagio, akauegemeza ukutani.

"Ulifikiri uko namusaidia Kasongo," akasema taratibu. "Kasongo akikasirika, itapita. Na ule wa Kambove, yeye nani anamusaidia? Weye njo ulikuwa macho yake, Mado. Tulikutuma mbele yake uone shimo. Uliliona, ukaruka, ukanyamaza."

Kisha akavaa viatu, tukaenda kwa Mwalimu Kasongo. Alikuwa na mswaki mdomoni. Nilipomaliza kusema, aliutoa, akaketi kwenye kizingiti. Hakunikaripia. Alisema tu, kama mtu anayehesabu: "Feza alisema atafanya mazoezi mu kati ya wiki." Akaingia ndani kuchukua baiskeli.

Feza alikuwa mke wa dereva mmoja, watu wa Maniema, akiishi Kambove. Alisoma chuo mwaka mmoja, akaacha barabara ilipokufa. Kati ya wote waliopewa kitabu kile, yeye ndiye aliyekisubiri kwa hamu zaidi. Alishaulizia mara tatu kwa wenye malori. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara ni tope jekundu. Mwalimu alipiga pedali, mimi nyuma nimeshika kiti, na kwenye vilima tulishuka tukasukuma. Mara moja tu alisema, "Miye mwenyewe nilikuambia?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Sikumbuki. Njo kitu inanitisha."

Tulifika jua limepanda. Feza akatoka nje, kitenge amekivuta mpaka shingoni, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa. Nikatazama macho yake kwanza. Yalikuwa mazima. Jana yake saa kumi alimimina maji ndani ya asidi, na wakati ule ule mwanawe akamwita, akageuza uso. Yale yaliyoruka yalimpata mkono na shingo.

Na unajua alisema nini alipomwona mwalimu? Nimekaa na neno hili miaka yote.

"Mwalimu! Umekuja mupaka huku juu yangu?" Sauti ilikuwa inatetemeka. "Unisamehe. Kozi iko wazi, ni miye njo niko na kichwa nguvu. Niliisoma mara ine, nikaona naelewa, kumbe hapana. Nimekwisha kuifunga, mupatie mwenye akili."

Kitabu kilikuwa mezani, kimefungwa kwa gazeti na kamba, tayari kurudishwa.

Mwanangu, alikuwa ameungua, na bado yeye ndiye aliyeomba msamaha.

Mwalimu Kasongo akatikisa kichwa. "Hapana, Mama Feza. Si weye. Ni miye sikuandika." Akanitazama. Hakunilazimisha. Lakini niliona kwamba nikinyamaza sasa hivi, mwanamke huyu ataamini mpaka kufa kwake kwamba hana akili.

"Hata miye nilikwama," nikasema. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Pale pale, Mama. Sikujua nitangulize nini. Nilimuuliza Mwalimu juu ya ua, kisha nikaandika inaeleweka. Niliwaambia uongo."

Akanikazia macho. Nilingoja anitukane, na alikuwa na haki.

"Weye, mutoto wa shule ya Likasi, ulikwama?"

"Nilikwama."

Kisha akakivuta kile kitabu kwa mkono wake mzima, akaivuta kamba kwa meno mpaka ikalegea, akatoa gazeti. Akafungua somo la nne. "Leteni kalamu," akasema, na akaandika mwenyewe pembeni, herufi kubwa: ASIDI NDANI YA MAJI. Akaupuliza wino. Halafu, bila kututazama, akageuza kurasa.

"Na hapa," akasema kwa sauti ndogo. "Ukurasa wa kumi na moja. Hapa pia nilisimama. Niliona haya kusema."

Mwalimu Kasongo aliketi chini kando yake, akasema, "Nionyeshe, Mama." Palikuwa na mahali saba. Mimi nilikuwa nimeweka misalaba miwili katika kozi nzima.

Tulivifuata na vile vingine, kila kitabu, nyumba kwa nyumba, tukaandika lile neno kwa mkono. Feza aliendelea. Alama zilibaki shingoni mwake.

Basi sikia ninachotaka kukuambia. Mtu anayesoma peke yake mbali hatakulalamikia. Atakaa mbele ya simu yake iliyopasuka kioo, asome mara nne, kisha ajilaumu, afunge, aondoke, na Didier hatajua kamwe alikuwapo. Kwa hiyo fanya ile kozi kama wewe ndiye Feza. Usikae juu juu ukipiga alama kwenye vile viboksi. Fungua kila kiungo, fanya kila zoezi, na pale unaposimama, pale ambapo mkono wako unatafuta simu ili umuulize Didier, acha simu, andika. Pale ndipo kazi yako ilipo. Usiandike kwa kumwonea wala kwa kumcheka. Sema tu, hapa nilikwama, hiki sikukiona. Atanuna siku mbili. Mwache anune. Na ukigundua umeshakosea, sema siku ile ile, hata kama sauti inatetemeka. Usingoje Alhamisi kama mama yako.

Mungu akupe macho ya kuona mwenzako anapokwama, na ulimi usioogopa kutaja mahali wewe mwenyewe ulipokwama. Akupe rafiki wa kukuambia ukweli kabla kitabu hakijaondoka na lori. Na wale wote watakaosoma peke yao, mahali ambapo hutafika, wapate njia kwa sababu ulipita wewe kwanza. Amina, mwanangu.