Nilipokuwa Breki ya Lori

Nakumbuka siku moja, Alhamisi ya mwezi wa nane. Asubuhi Eldoret yote ilikuwa ndani ya ukungu, na kufika saa nane mchana ikaanza mvua nyembamba ya baridi, ile isiyo na haraka. Haya nimeyatoa kwenye daftari langu la wakati huo. Mwaka sikuandika, lakini ni miaka ile wazungu walikuwa wakiuza mashamba na sisi tukijiunga vikundi ili tuyanunue. Shule niliacha darasa la tano, kwa hivyo mwanangu, ukiona nimepanga vibaya, nivumilie.

Nilikuwa nimeandikwa na kampuni moja ya ujenzi. Mashine zake nyingi zilitoka kwa wazungu waliokuwa wakiondoka, na zilikuwa zimechoka hata kabla hatujazipokea. Siwezi kusema kampuni ilikuwa mbaya. Kila mtu alitaka barabara haraka, na makanika alikuwa mmoja tu, Mzee Abdi, mtu mpole mwenye ndevu nyekundu za hina. Lakini tulikuwa na tabia moja. Mashine ikiharibika, hatukutafuta spea. Tulitafuta mtu. Rejeta ikivuja, kulikuwa na mtu wa kuchota maji mtoni. Mlango wa mashine ya kukoroga zege ulipokatika, aliwekwa mtu wa kuushika kwa kamba. Lori letu la mawe halikuwa na handbreki, basi nikawekwa mimi.

Kazi yangu ilikuwa kuruka chini lori likisimama, na kusukuma gogo nyuma ya tairi. Usicheke. Niliijua kazi hiyo vizuri. Dereva wetu, Wekesa, aliniita Handbreki, na jina likashika mpaka mama yenu akaulizwa sokoni, "Wewe ndiye bibi ya Handbreki?" Nilijivuna, sitaficha. Tena mshahara ule ndio uliokuwa ukiniweka kwenye kikundi cha shamba. Aliyekosa kazi akakosa mchango, jina lake lilitolewa.

Sasa, wiki moja kabla ya hiyo Alhamisi, Mzee Abdi alirudi kutoka Nakuru na waya mpya ya handbreki. Alinikuta peke yangu nikiosha lori.

"Kijana, nimepata waya moja tu, na malori ni mawili. Hii yenu iko namna gani?"

 Nilijua ikifungwa pale, gogo langu litakuwa kuni.

"Yetu ilikazwa, siku hizi inashika, Mzee. Peleka kwa ile ingine."

"Una hakika?"

"Kabisa."

Akaangalia gogo. "Na hii ni ya nini?"

"Mazoea tu, Mzee."

Akaenda. Nilijiambia kwamba lile lori lingine nalo lilihitaji waya, na ni kweli lilihitaji. Nafikiri ndiyo sababu uongo ule ulinitoka kirahisi. Nusu yake ilikuwa kweli.

Alhamisi tulikuwa kwenye mteremko mmoja upande wa Yamumbi, tukiweka kalvati, yale mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara. Barasa, rafiki yangu, alikuwa chini mtaroni akiunganisha mabomba, ametupa mgongo. Wekesa akarudisha lori nyuma likiwa limejaa mawe, akalisimamisha hatua chache kutoka mtaroni, upande wa juu. Nikaruka, nikaweka gogo. Akazima injini na kuliacha ndani ya gia, akashuka kuuliza mawe yamwagwe wapi. Ile gia nayo ilikuwa na ugonjwa wake wa kuchomoka.

Nikaisikia ikichomoka. Halafu nikaona gogo linasogea.

Halikuruka. Lilikuwa linateleza kwenye matope pamoja na tairi, polepole, kama mtu anayesukumwa kwenye benchi la kanisa. Nikaegemeza bega kwenye bodi, viatu vikachimba mistari miwili kwenye udongo.

"Barasa! Toka! Toka huko!"

Hakugeuka hata. "Handbreki, leo umekula nini? Umeshindwa?" Wengine wakacheka. Tulikuwa tumezoea kutishana hivyo.

"Barasa, gari inakuja!"

Wekesa ndiye aliyeangalia uso wangu. Alikimbia, akadaka mlango, akajitupa ndani, akakanyaga breki ya mguu. Lori likasimama tairi likiwa ukingoni. Ukingo ukabomoka, na mawe ya juu yakamwagika mtaroni. Moja lilimvunja Barasa mguu. Ulipona baada ya miezi mingi, lakini ulipona ukiwa mfupi.

Alipokwisha kupelekwa hospitali, nyapara alitukusanya kwenye mvua.

"Wekesa, leta funguo. Unaachaje gari mlimani bila handbreki?"

"Bwana, hiyo handbreki nimeripoti kwako mara ngapi?"

Nyapara akamgeukia Mzee Abdi. "Na ile waya tulinunua?"

Mzee Abdi angeweza kunitaja. Hakunitaja. Alinitazama tu. Mimi niliwaza shamba. Nataka niandike sawasawa: nilinyamaza mpaka Wekesa akaweka funguo mkononi mwa nyapara. Hapo ndipo nikasema.

"Mimi nilimwambia Mzee yetu iko sawa."

"Kwa nini?"

"Ikitengenezwa, mimi ningebaki na kazi gani?"

Hakuna aliyecheka. Mzee Abdi akanijia karibu. "Kijana, mkono wako ni mzuri. Lakini wewe una bibi, una njaa, unaogopa kufutwa. Chuma hakiogopi kufutwa. Ndiyo maana breki tunaweka ya chuma."

Nilifutwa palepale, na ilikuwa haki. Wekesa alirudishiwa funguo. Kikundi kilitoa jina langu, na kipande hiki tunachokaa nilikuja kukipata miaka mingi baadaye, kidogo kuliko kile. Hata leo sijui kama ningesema, kama Mzee Abdi asingekuwa ananitazama.

Basi mwanangu, ukiajiriwa kusimama mahali pa kitu kilichoharibika, fanya kazi hiyo kwa bidii, lakini kila siku uombe kitu hicho kitengenezwe. Usije ukaipenda kasoro kwa sababu inakulisha. Na ukiwa mkubwa wa wengine, siku ya kuleta spea mwambie yule mtu aliyesimama mahali pake kesho atafanya kazi gani. Mimi hakuna aliyeniambia. Sisemi hivyo nijitetee. Wewe kumbuka tu.

Mungu akupe mikono isiyokosa kazi na mdomo usiochelewa kusema kweli, na kila unayefanya naye kazi arudi kwake na miguu yake yote miwili mizima.

Jioni ya Alhamisi ile, kwenye chumba chetu mtaa wa West Indies, hapo Eldoret, tulikula ugali na kunde. Kabla hatujamaliza, Wekesa aliingia bila kubisha.  Mama yenu akamsogezea maji, akanawa, akakaa, akamega.