Kobe Aliyekaa Eda

Wenzetu wakifiwa na baba huachiwa minazi na kiwanja. Sisi tuliachiwa minazi, kiwanja na kobe mgonjwa.

Kusema haki, baba hakumleta akiwa mgonjwa. Alimkuta kule Chumbi, siku waliyochoma majani kuandaa shamba la mpunga, kajibanza pembeni mwa majivu, mdogo wa kutosha kiganjani. Akamtia kwenye kofia yake ya ukindu, akaja naye kichwa wazi mpaka nyumbani Kibiti, jua lote lile. Alipoingia uani alimwambia mama, "Nimekuletea mwenzako. Siku mkienda sokoni nyie wawili, sijui nani atatangulia kufika." Mama ni mzito wa kutembea, na utani huo aliusikia ndoa yake nzima. Akajibu bila kuinua macho kwenye ungo, "Atatangulia yeye. Mimi nitakuwa nyuma nakupikia wewe."

Hazikupita siku nyingi presha ikampanda baba, akafa asubuhi, chai yake ikiwa mezani.

Mama akaingia eda. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na kila Mwislamu anajua mipaka yake: hajipambi, haolewi, halali kwingine, hatoki kwake pasipo dharura. Ila kwetu alikuja shangazi, dada yake baba, kutoka Ngarambe, na shangazi ana mipaka yake mwenyewe ndani ya ile mipaka. Mama akae chumba cha ndani. Dirisha lifungwe. Pazia lisiachwe wazi. Mwenye eda haoni jua, na jua halimwoni. Mimi nilikuwa nimefunga cherehani yangu Ikwiriri ili nije nipike na kuchota maji, nikasema haya, msiba si mahali pa kubishana. Nilikaa kimya karibu mwezi mzima. Wanaonijua hawaamini nikiwasimulia.

Mama aliomba kitu kimoja tu, kobe aingie naye. Shangazi akafikiri, akasema hewala, kiumbe hicho hakina mdomo wa kupeleka habari mitaani. Nikamtengenezea beseni pana na khanga kuukuu chini, nikalisogeza karibu na godoro la mama.

Basi wakawa wanakula pamoja. Nikiingiza sahani ya wali wa nazi, mama anamega tonge, la pili anamsogezea kobe kwa ncha ya kidole. Mtoto wa kobe akajua wali, akajua ndizi mbivu, akajua mpaka uji wa mchele. Nani angemkataza? Mtu wa Rufiji akikupenda anakupa wali. Na mimi nilifurahi, maana kabla ya hapo mama alikuwa hagusi chakula, na sasa alau alikuwa anamega cha kumshawishi mwenzake.

Kisha sahani zikaanza kurudi zimejaa. Nikauliza, nikaambiwa tumbo limejaa gesi. Kesho yake, gesi tena. Siku ya tatu niliingia bila kubisha hodi nikamkuta mama amemfunika kobe kwa upande wa khanga yake, kama mtu anayeficha mtoto mwenye surua. Nikafunua. Macho yake yamevimba, yamegandamana, hafungui. Puani mna povu. Nikambonyeza gamba kwa kidole gumba, likabonyea. Gamba la kobe, jamani, likabonyea kama ukoko uliolowa maji.

"Tangu lini, mama?"

"Atapona," akasema. "Usimwambie wifi yangu."

Mficha maradhi kifo humuumbua, nilitaka kumwambia hivyo, ila nikamtazama mikono. Pete ya fedha iliyombana miaka yote ilikuwa inacheza kidoleni. Ndipo nikaogopa kwelikweli, na si kwa ajili ya kobe. Kobe asipokula, mama hali. Hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi hivyo.

Nikamtia kwenye kikapu, nikampeleka kwa bwana mifugo. Akamgeuza, akambonyeza, akamwangalia macho, akakiri mapema kwamba yeye ni mtu wa ng'ombe na kuku. Akampigia simu mwenzake aliyesoma naye, wakazungumza kirefu, kisha akaniuliza, "Huyu anakaa wapi?"

"Chumbani."

"Mchana je?"

"Chumbani."

"Anafanya nini chumbani?"

Nikamwambia anakaa eda. Bwana yule alicheka mpaka akashika meza, halafu akauona uso wangu, akanyamaza, akanipa pole ya msiba. Akanieleza taratibu. Wali si chakula chake. Apewe majani: mnavu, matembele, maua akiyapata. Aogeshwe kwenye maji ya uvuguvugu yasiyompita kidevu. Apakwe dawa ya macho. Apewe mfupa mweupe wa ngisi aukwangue mwenyewe, umtie nguvu gamba. Na kuliko yote hayo, apate jua la asubuhi kila siku, na kivuli jirani cha kukimbilia. "Hajawa wa kufa," akasema. "Lakini mkimrudisha gizani, mtamzika."

Nilirudi na furaha yangu, nikadhani kazi imekwisha. Nikamwambia mama namtoa kobe uani, nitamlinda mwenyewe dhidi ya kunguru. Mama akalivuta beseni kwake.

"Haendi popote bila mimi."

"Mama, ni hapo uani tu, hatua chache."

"Baba yako naye walimtoa kwa mlango huohuo."

Nikatoka nje nikalia jikoni, nikapangusa uso kwa khanga iliyonuka moshi, na nilipomaliza kulia nikawa na hasira, na hasira yangu ikamtafuta shangazi. Alikuwa anachambua mchele kibarazani. Nikamwambia mama atatoka uani na kobe wake. Akasema mwenye eda hatoki. Nikasema ua ni wetu, si stendi ya mabasi. Akasema yeye aliikaa eda yake Ngarambe, akiwa binti mbichi wa miaka ya kucheza, na hakuuona hata mwezi mpaka alipoogeshwa siku ya kutoka eda. Nikasema, "Na nani alikwambia ndivyo dini inavyotaka?"

Akaniangalia. "Wewe una mdomo," akasema, akarudi kwenye mchele wake.

Nikavaa baibui, nikaenda kwa ustadhi wa msikiti wetu. Nilijipanga kwa hoja njia nzima, hata sikuzihitaji. Alinisikiliza akasema ua ulio ndani ya wigo wa nyumba yake ni nyumba yake. Mjane anapika humo, anafua humo, anaota jua humo, muhimu asitembee ovyo na ajisitiri na wasio maharimu zake. Kumnyima mtu jua hakumo kitabuni.

Nikamletea shangazi maneno hayo moto moto, nikitarajia vita. Hakupigana. Alitua ungo mapajani, akauliza, "Amesema na kuota jua?"

"Amesema."

"Mimi hakuna aliyeniambia," akasema. Akainuka akaingia ndani. Siku ile hakunisemesha tena, na nikajiona mjinga kidogo kwa ule ushindi wangu.

Asubuhi yake niliamshwa na mkwaruzo wa kamba. Shangazi alikuwa uani, amekanyaga kigoda, anatundika khanga kuzunguka wigo wote wa makuti, kila palipokuwa na tundu. Zilikuwa khanga zake mwenyewe, zile za kutokea, doti kwa doti. Alipomaliza akatandika jamvi katikati, akaenda mlangoni kwa mama, akasema kwa pazia, "Wifi, toka. Hakuna atakayekuona."

Mama alitoka amemshika kobe kifuani, amefumba macho kwa ule mwanga. Akakaa. Kobe akawekwa jamvini na hakufanya lolote, na mama akamtazama vile nisivyotaka kuona tena. Lakini alikuwa juani, na wote wawili walikuwa juani.

Hakupona kwa miujiza. Alipakwa dawa, aliogeshwa, alikataa mnavu, alikataa matembele. Nilimtukana kimoyomoyo kwa kuzoea wali wa nazi kama bwana harusi. Mfupa wa ngisi niliuagiza kwa wauza samaki watokao Mbuchi, wakacheka, wakaleta furushi zima. Asubuhi moja jicho la kushoto likafunguka. Mama alinionyesha kwa kidole tu, hakuthubutu kusema. Tukasogeza ua la boga. Kobe akalitazama kwa hilo jicho moja, akatoa shingo, akauma. Alhamdulillahi. Mama akasema, "Na mimi nipe," na alikula sahani nzima pale jamvini, akaomba ukoko. Nilimkwangulia sufuria nikiwa nacheka na kulia kwa pamoja, na sikujali nani ananiona.

Kufika mwisho wa eda, gamba lilikuwa gamba. Mama aliogeshwa, akavaa, akatoka mlango wa mbele, taratibu kama kawaida yake, na jirani zetu wakampokea. Siku ya pili shangazi akafunga mizigo ya kurudi Ngarambe. Khanga zake bado zilikuwa wigoni, zimepauka kwa jua, na nilipotaka kuzianua akasema ngoja kwanza.

Akainama kwa kobe, akambonyeza mgongo kwa kidole gumba, akabonyeza tena kwa nguvu. Hapakubonyea. "Kula," akamwambia. "Kaka yangu hakukubeba kichwa wazi kutoka Chumbi uje kufia chumbani."

Kisha hakuinuka. Akakaa jamvini, akanyoosha miguu yake mikavu mbele. Mama akasogea kumpa nafasi.

"Vua mtandio, wifi," mama akamwambia. "Hakuna atakayekuona."

Shangazi akauvua. Akafumba macho, akaelekeza uso juu. Jua lilipokuwa kali kobe alijikokota mwenyewe mpaka kivulini. Shangazi alibaki palepale.