Fundi Kiganja na Diski Iliyokuwa Ikigonga

Mimi sina dogo, na wanaonijua wanalijua hilo. Kwa hiyo kaka yangu alipoingia na fundi wa kompyuta, akaninong'oneza kwamba niongee nikimtazama usoni kwa sababu masikio yake hayasikii, nilimvuta pembeni nikamuuliza kama akili zake zote zipo nyumbani. Kompyuta yetu mpya ilikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni kelele. Sasa unamletea kelele mtu asiyesikia ili afanye nayo nini? Kaka akasema nitulie, huyu ndiye Fundi Kiganja.

Jina hilo alipewa na watu. Ujana wake wote uliishia kwenye mashine ya kusaga nafaka, na mngurumo ukamla masikio kidogo kidogo, mpaka ikafika siku akaona mwenye mashine anachezesha midomo tu. Hakuacha kazi. Aliweka kiganja kwenye injini akajua kama mkanda umelegea au kama beringi imeanza kulika. Mashine ilipouzwa akaingia kwenye redio, na watu wakacheka mpaka basi, eti kiziwi anatengeneza redio. Aliwaacha wacheke, redio zao zikarudi zinaongea. Kompyuta alijifunza kwa kufungua mbovu zilizotupwa. Huongea kwa sauti kubwa kama aliye ng'ambo ya barabara, na utani haumpigi chenga.

Sasa niseme kilichokuwa kinanitoa jasho. Mama yetu alifanyiwa upasuaji wa koo. Alipona, Mungu ashukuriwe, ila sauti ilikwenda moja kwa moja, hata ya kunong'ona haikubaki. Alikuwa ameambiwa mapema, kwa hiyo kabla ya kwenda hospitali alijifungia chumbani na kompyuta ya zamani ya kaka akajirekodi: hadithi, majina ya ukoo, maneno kwa wajukuu ambao hata hawajazaliwa. Kaka aliponunua kompyuta mpya ya mezani akahamishia yote humo, ile ya zamani akampa binamu yetu. Na hapo ndipo tulipojikaanga kwa mafuta yetu wenyewe. Nyumbani kwetu kitu hakiendi kwa mtu kikiwa kichafu. Bakuli la jirani hurudi limesuguliwa, nguo ya kugawa hufuliwa na kupigwa pasi kwanza; mama ametulea hivyo. Basi kaka akaifuta kompyuta ile mpaka ikabaki tupu, na mama mwenyewe akaipangusa vumbi kwa kitambaa. Binamu naye akaijaza sinema pomoni, sauti ya mama ikabaki kwenye ile mpya tu. Hazikupita siku nyingi, kompyuta mpya ikaanza kunguruma hata vikombe vikatetemeka mezani.

Fundi alimsalimia mama, akavua saa, akafuta mikono, akafungua ubavu wa kasha. Akaomba iwashwe. Ngurumo ikaanza. Sisi tukakunja nyuso, yeye akafumba macho na kuweka kiganja juu ya bati. Akaizuia feni ya kuipoza kwa mpini wa bisibisi. Kelele iko pale pale. Akaiachia. Kisha akabana kwa kidole gumba kile kisanduku cha chuma kinachoitwa diski, ambamo kompyuta huhifadhi kila kitu, na ngurumo ikakatika.

Kaka akapiga makofi. Mimi nikashusha pumzi niliyokuwa nimeishika tangu asubuhi. Fundi hakufungua macho. Alikaa vile vile, kidole hakitoki, uso umebadilika, nami nikaanza kuogopa upya.

Akatueleza kwamba ile kelele kubwa si kitu. Skrubu za diski hazikukazwa vizuri, kwa hiyo ilikuwa inatikisa bati, basi. Lakini chini ya mtikisiko ule kulikuwa na kingine kidogo. Akanishika mkono akaniwekea vidole juu ya diski. Sikuhisi lolote. Akaniambia nisiwe na haraka. Halafu nikakihisi, kipigo chepesi, kikakaa, kikapiga tena. Tulikuwa na masikio mazima wote watatu na hakuna aliyekuwa amekisikia.

Akazima upesi. Mkobani akatoa diski mfu aliyokwisha kuifungua, atuonyeshe kilichomo. Ndani kulikuwa na sahani inayong'aa, safi kuliko kioo chochote nilichowahi kujitazama, na juu yake mkono mwembamba wa chuma. Alisema sahani ikizunguka mkono ule huelea juu yake bila kugusa, na nafasi iliyopo kati ya viwili hivyo hata chembe ya vumbi haipiti. Mkono wa diski yetu ulikuwa umeanza kupotea njia na kugonga. Mama aliiinamia sahani ile kwa muda mrefu. Sauti yake yote ilikuwa imekaa kwenye kitu kama kile, imeandikwa mahali ambapo hakuna jicho linaloweza kuisoma.

"Nitaiwasha mara moja tena," fundi akasema. "Sijui itakubali kwa muda gani. Niambieni kipi kitoke kwanza."

Nikasema majina ya ukoo, maana sisi hatuyajui yote. Kaka akasema maneno ya wajukuu. Tukaanza kuvutana pale pale, watu wazima na ndevu zetu, zake na zangu za hasira. Mama akagonga meza. Akachukua kalamu, akaandika neno moja kwenye kiganja cha fundi: jioni. Hatukujua kuna faili la jina hilo.

Fundi akaiunganisha diski na kompyuta yake ndogo, akaishika kama mtu anayeshika kifaranga. Jioni likatoka kwanza. Yakafuata maneno ya wajukuu, na hadithi karibu zote. Majina ya ukoo yakakatika katikati, fundi akainua mkono taratibu akatikisa kichwa. Diski ilikuwa imekata roho.

Akafungua lile faili la kwanza, akapandisha sauti ya spika mpaka mwisho, akatugeukia.

"Nisikilizieni nyinyi. Mimi siwezi kujua kama limetoka zima."

Mwanzo palikuwa kimya, kiti kikalia, mtu akakohoa. Halafu mama akaita. Hakuwa anasimulia wala kuaga. Aliita vile alivyokuwa akituita tukiwa watoto tunacheza nje na giza linaingia, amesimama mlangoni, jina la kaka kwanza, kisha langu, ameivuta silabi ya mwisho na hasira kidogo ndani yake.

"Abee, mama!"

Ni mimi niliyeitika. Nilikuwa nimeshasimama, na kaka amesimama, sote tumegeukia mlangoni. Mama alikuwa ameketi nyuma yetu anacheka bila sauti, machozi yanamtiririka, akitunyooshea mikono yote miwili.

Fundi alitutazama mmoja mmoja.

"Basi ni zima," akasema, akaanza kukusanya skrubu zake.