Kilti Niliyoifunga Kama Msuli

Nichekeni tu. Nilishanunua kilti mbili, zile sketi za wanaume wa Kiskoti, na zote nilizijutia: ya kwanza nyepesi kama pazia, ya pili ilichanika nikipanda basi hapa Malton, ughaibuni. Kwa harusi ya bosi wangu Mskoti nikaapa kuvaa ya sufu halisi, nzito.

“Baba Salma, funga mikanda yake,” mke wangu alisema, huku akitafuta taiti yake ya pinki, maana nje kulikuwa na theluji.

“Mimi mtu wa Tanga, nimekulia kwenye msuli.” Nikaiviringisha kiunoni kama shuka, basi.

Ukumbini tukacheza. Nikainua mikono, nikaruka. Kilti ikabaki chini.

Muziki ukanyamaza. Mke wangu akanitazama miguu.

“Kumbe taiti yangu unayo wewe.”