Gosbert Alivyopanga Kabati la Mkewe

Mwanaume akistaafu, nyumba inapata mgeni asiyeaga. Gosbert Mutalemwa alistaafu utunza stoo serikalini akiwa na afya yake yote, na balaa lilianzia hapohapo, maana mikono iliyopanga rafu tangu ujana haikubali kukaa barazani Ilemela kutazama ndege zikitua. Alianza na jiko. Mkewe, Prudencia, akamtoa jikoni siku hiyohiyo. Akahamia bandani, akawatenga kuku wanaotaga na wasiotaga, na kwa wiki nzima mayai yakaadimika. Prudencia akamwambia, "Baba Modesta, hebu tembelea wenzako." Wenzake wako wapi? Nao walikuwa majumbani kwao wakiwasumbua wake zao.

Kisha Modesta, mtoto wao wa kwanza, akajifungua huko Bukoba alikoolewa. Alikuwa amengoja mtoto miaka mingi, mpaka mawifi wakaacha kuuliza, na wifi akiacha kuuliza ujue mambo ni mazito. Prudencia akapanda meli na gunia la sangara wakavu kwenda kumhudumia mzazi. Mwezi ukapita, ukapita wa pili, na wa tatu ukawa ukingoni. Gosbert akabaki na nyumba, na ndani ya nyumba kulikuwa na kabati.

Hilo kabati alilitengeneza fundi wa Kirumba kwa mninga mtupu, milango mitatu. Mlango mmoja ni wa Gosbert: mashati yanatazama upande mmoja, suruali zimekunjwa kwenye mkunjo wake, mikanda imening'inia kwenye misumari. Milango miwili ni ya Prudencia, na ukitaka kuifungua ni lazima ujihami, maana kuna siku mkoba ulimdondokea Gosbert kisogoni. Vitenge juu ya magauni, mitandio ndani ya viatu, hereni kwenye kopo la maziwa, kiatu kimoja huku, mwenzake kule. Lakini mwombe Prudencia kilemba alichofunga harusi ya mwaka juzi: anatia mkono bila kutazama, anakivuta. Jambo hilo lilimuudhi Gosbert kuliko fujo yenyewe.

Asubuhi moja akavaa kaptula, akamwaga kila kitu kitandani.

Jamani, sare! Ni nani aliyewaambia wanawake wa Mwanza kwamba harusi bila sare haifungi? Kulikuwa na sare za harusi, za kicheni pati, za jubilei ya padre, za Siku ya Wanawake, za msiba wa mama mkwe wa jirani, za wanawake Wakatoliki wa WAWATA, za zamani na za sasa. Gosbert akazipanga kwa aina, kisha kwa rangi, kutoka iliyokoza kwenda iliyofifia. Khanga nazo akazipanga kwa rangi, magauni akayatia kwenye henga. Viatu akavioanisha, visivyo na wenzao akavifunga pamoja kama yatima. Hereni akazitandaza kwenye trei la mayai, kila jozi na tundu lake, akajisifu kwa sauti humo chumbani peke yake: "Akili hiyo!" Mikoba akaipanga kwa ukubwa, akatupia naftalini kwenye kona.

Sasa, Gosbert alikuwa na sheria moja aliyoishi nayo stoo: mzigo usiotoka mwaka mzima ni mzigo mfu, na mzigo mfu unakula nafasi ya ulio hai. Chini kabisa, nyuma ya viatu, alikuta foronya imefungwa kwa kamba. Ndani yake mna khanga chakavu, zimepauka, nyingine zimetoboka. Akazinyanyua kwa vidole viwili. Hazijavaliwa mwaka, wala miwili, wala kumi. Mizigo mifu.

Hakuzitupa, asisingiziwe. Chini ya nyumba yake, miamba inapoanza kushuka kuelekea ziwani, alipanga chumba Mama Ngosha, binti wa Kisukuma ambaye mumewe anapakia dagaa sokoni Mwaloni. Alikuwa na mtoto anayetambaa. Gosbert akamshushia foronya nzima. "Matambara haya, mama. Yatakufaa." Mama Ngosha akapiga goti akashukuru, na Gosbert akapanda kurudi kwake akijiona mtu mwema.

Siku ya tatu kazi ikaisha. Akafungua milango yote mitatu, akapiga picha, akamtumia Prudencia kwa WhatsApp. Akakaa akingoja sifa.

Simu ikaita papo hapo.

"Baba Modesta, kabati la nani hilo?"

"Lako!" Gosbert akacheka. "Umelisahau?"

"Mh. Limependeza." Akanyamaza, na Gosbert akajua anaikuza picha kwa vidole. "Pale chini naona peupe. Foronya yangu iko wapi?"

"Yenye matambara?"

"Matambara!" Sauti ya Prudencia ilibadilika. "Baba Modesta, mle mna mbeleko. Khanga ya kahawia yenye korosho pembeni. Mama yangu alinibeba nayo mimi. Nimembeba nayo Modesta, nikawabeba nayo wadogo zake wote watatu. Shingo ya mtoto imeshakaza, Jumapili anapandishwa mgongoni kwa mara ya kwanza, na kwetu mtoto wa kwanza hapandishwi kwa khanga ya dukani. Nilikuwa nikupigie leo unitumie kwa meli. Modesta ameiulizia tangu mimba ilipoonekana. Iko wapi?"

"Ipo," Gosbert akasema. "Nimeiweka mahali."

"Mahali gani?"

"Mtandao unakatika," akasema, akakata yeye.

Basi akashuka miamba mbio, umri ule, akiwa na kandambili. Ukweli ni kwamba aliogopa. Si kelele za Prudencia, hizo alizizoea. Aliogopa kumwona mwanawe, aliyengoja mtoto hata machozi yakamkauka, anapandishiwa mtoto mgongoni kwa kitambaa kingine kwa sababu baba yake alitaka rafu zilingane.

Mama Ngosha alikuwa nje anachambua dagaa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hujambo? Zile nguo nilizokuletea..."

"Aa, baba, nilishukuru mpaka nikashukuru tena ulipokwisha ondoka. Khanga iliyozeeka ndiyo nepi, hizi mpya zinamchubua mtoto. Si unaona?" Akaonyesha kwa kidevu.

Juu ya mwamba palianikwa nepi, mraba kwa mraba, zimewekewa vijiwe zisipeperuke. Nne, tano, kumi. Na katikati yake tatu za kahawia, zenye korosho pembeni.

Gosbert akakaa chini juu ya jiwe la moto. Mama Ngosha akaacha dagaa.

"Baba, vipi? Unaumwa?"

"Ile ya kahawia," akasema. "Ilikuwa mbeleko. Ya mke wangu. Ya mama yake."

"Ebo! Mbeleko?" Mama Ngosha akajishika kichwa. "Na wewe ukaniambia matambara?"

"Nilikuambia."

"Mimi nilishangaa! Niliona ncha zimelika, nikasema hii imefungwa fundo miaka na miaka. Lakini nikasema labda hawa wenzetu Wahaya hawana mwiko. Mbeleko haitoki nje ya ukoo, baba. Hata sisi tunaochunga ng'ombe tunalijua hilo!"

Alikuwa akigomba, lakini macho yalikuwa yamemjaa machozi, akainuka kuviokota vile vipande, akavikung'uta, akavikunja vizuri, akampa Gosbert. Cha nne kilikuwa mwilini mwa Ngosha mwenyewe, aliyekuwa anatambaa kuelekea kwenye dagaa.

"Nimvue?"

"Mwache nacho," Gosbert akasema.

Alipokuwa akipanda, simu ikaita tena.

"Umeiona?"

"Nimeiona," akasema, na hapo hakusema uongo.

Prudencia akapiga kigelegele hukohuko Bukoba, akamwita Modesta, naye akapiga chake kwa sauti nyembamba ya mtu asiyelala vizuri. "Asante, baba!" akasikika akisema. "Asante sana!" Gosbert angeweza kusema wakati huo. Alifungua kinywa. Akasema, "Haya, karibuni."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini mwongo mwenyewe huiona pana. Gosbert alirudi kabatini, akaingia kwenye zile khanga alizozipanga kwa rangi, na kwa kuwa zilipangwa vizuri hakuchelewa kupata ya kahawia. Haikuwa na korosho, ilikuwa na maua. Nani angekumbuka? Shida ni kwamba ilikuwa bado nzima. Basi mzee mzima, tena babu wa mtu, akatoka na ndoo uani, akafunga fundo kwenye ncha mbili, akaanza kusugua khanga kwenye sementi ili izeeke.

"Baba!" Mama Ngosha alikuwa getini, mtoto mgongoni, ameleta ile foronya aliyokwisha ifua. "Mbona unaichuna khanga nzima hivyo?"

Gosbert akaacha kusugua. Alimtazama mtoto, aliyelaza shavu mgongoni kwa mama yake na kufumba jicho moja. Akatazama khanga ya maua mikononi mwake, imechanika pembeni, haijazeeka hata kidogo. Imeharibika tu. Aibu ilimshika. Alijiona mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Niletee hiyo foronya," akasema.

Akaviweka vile vipande vitatu ndani ya foronya, akamkabidhi Mama Ngosha kuku na ufunguo wa geti, akaenda bandarini akapanda meli yeye mwenyewe. Safari nzima alikaa na foronya mapajani. Abiria mwenzake alimuuliza kama amebeba kitu cha kuvunjika. Gosbert akasema ndiyo.

Modesta alikaa Kashai, nyumba yenye migomba nyuma. Prudencia alitoka mlangoni akakuta mumewe amesimama na mfuko wa kusafiria, akacheka kwa furaha. "Umeileta mwenyewe! Modesta, njoo umwone baba yako!" Modesta akaja, amenenepa, amechoka, mtoto kifuani.

"Mama Modesta," Gosbert akasema, "usifurahi kwanza." Akafungua foronya, akatandaza vipande vitatu juu ya jamvi. "Niligawa. Nilidhani ni matambara. Aliyepewa akakata nepi, hana kosa. Kipande cha nne nimemwachia mtoto wake. Na nilipokuambia nimeiona nilikuwa nimeshajua hali yake, nikakuacha unapiga vigelegele."

Modesta aliketi polepole, akashika kipande kimoja, akakipeleka puani kama mtu anayetafuta harufu ya zamani, lakini kilinuka sabuni. Alilia bila sauti. Hilo lilimuumiza Gosbert kuliko tusi.

"Gosbert," Prudencia akasema.

Hakuwa amemwita jina hilo tangu Modesta azaliwe.

"Watoto wanne nimebeba na khanga hii, mbele ya macho yako, ndani ya nyumba yako. Nikaenda nayo shamba, nikaenda nayo sokoni, nikapikia wageni wako nikiwa nayo mgongoni. Umeishika mkononi, ukaiita tambara. Wewe uliyekuwa unajua kila msumari ulioingia stoo na uliotoka! Uliwahi kuifunga hata mara moja?"

"Sikuwahi."

"Basi ungeijuaje?" Alisema hivyo kwa uchovu, hasira zikiwa zimeshamtoka. Akavikusanya vile vipande akaingia navyo ndani.

Siku hiyo hakumsemesha tena. Alimpa chakula, akampa maji ya kuoga, kwa sababu alikuwa mke mwenye heshima zake, lakini maneno hakumpa. Gosbert aliketi nyuma ya nyumba, wala hakupanga chochote, ingawa kuni za mkwewe zilikuwa zimetupwa ovyo kweli. Ndani alimsikia Prudencia akiomba sindano, na Modesta akiuliza uzi wa rangi gani.

Jumapili, baada ya misa, walikusanyika uani: Modesta na mumewe, mama mkwe wake, majirani wawili. Mtoto alikuwa ameogeshwa na kupakwa mafuta, jina lake Kokushubira. Prudencia akatoka na khanga mpya. Kipande kimoja cha ile ya zamani kilishonewa katikati, mahali anapokalia mtoto, na viwili kwenye ncha, panapofungwa fundo. Mishono ilikuwa mirefu, ya mkono, wala haikunyooka.

Modesta akafikiri ni zamu yake, akageuka akainamisha mgongo. Mama yake akampita.

"Baba Modesta," akasema, "inama."

Watu wakacheka. Gosbert naye alitaka kucheka, akamtazama mkewe usoni, akaacha. Akaweka mikono magotini akainama. Akasikia mwili mdogo ukiwekwa mgongoni mwake, wa moto, unajinyonganyonga, na mikono ya Prudencia ikizungusha khanga, ikikaza, ikifunga fundo juu ya kifua chake kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Nisimame?"

"Simama. Tembea."

"Akianguka?"

"Haanguki. Tembea, Baba Modesta."

Akatembea. Alipita kwenye kuni, akaingia kwenye migomba, hatua za mtu anayevuka daraja bovu. Mtoto alilialia kidogo, akakohoa, akalaza kichwa. Kisha Gosbert akaihisi pumzi yake, fupifupi, ikipita kwenye shati mpaka kwenye ngozi, na moyo wake mdogo ukienda mbio mgongoni mwake. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba inakuwa hivi. Akawakumbuka wanne wale, kila mmoja miaka yake, wakipita mbele ya macho yake mgongoni mwa mama yao huku yeye akisoma gazeti, na wivu ukamshika, na uchungu pia, akalia humo migombani akiwa wima, asimwamshe mtoto.

"Baba!" Modesta akaita. "Mlete, anyonye."

"Bado," Gosbert akasema. "Bado kidogo."