Mkwe Katika Hoteli ya Mreno

Nikiwa karani Lodwar miaka ya sabini, nilimchumbia msichana wa Kakuma. Baba yake alitaka kujua jambo moja tu: nina mifugo? Nikamwambia ninayo, iko Kerio kwa kaka yangu. Kweli kaka yangu alikuwa Kerio, ila alikuwa akivua samaki. Ukame ulikuwa umetumaliza.

Muda si mrefu mzee akaletwa Nairobi kutibiwa jicho, nami nilikuwa huko kwa mafunzo ya kazi. Nikaona nimepata nafasi ya kumwonyesha kwamba binti yake hatalala njaa. Nikampeleka kwenye hoteli ya Mreno mmoja, yenye vitambaa vyeupe mezani na glasi za shingo ndefu. Mzee aliketi na bendeji kwenye jicho moja, fimbo mapajani, akiutazama uma kama anayetazama nge.

Nikaagiza chakula ambacho weita alisema ndicho fahari ya nyumba: samaki wa chumvi, aliyekaushwa kwao Ureno. Kwetu wafugaji, samaki mkavu ni chakula cha mtu aliyeishiwa. Hilo nililijua tangu utotoni. Lakini nilikuwa nimesoma sekondari, nikadhani samaki akivuka bahari huacha umaskini wake majini.

Sahani ikafika, samaki ameloa mafuta kati ya viazi. Mzee akanusa.

"Huyu ni wa Kataboi, kule ziwani kwetu."

"Hapana, baba. Ametoka Ulaya."

"Ulaya nako ng'ombe waliisha?"

Kabla sijajibu, Mreno mwenyewe akaja, mtu mnene mwenye aproni, kutuuliza kama tumeridhika. Mzee akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Ejok," akamsalimu, kisha akanigeukia kwa Kiturkana. "Mwambie pole. Muulize, mifugo yake ilimalizwa na ukame au na wavamizi?"

"Anasema chakula ni kitamu sana," nikatafsiri.

Mreno akafurahi, akaita jikoni, na sahani ya pili ikaja, ya bure.

"Unaona?" mzee akasema, sauti imelegea. "Hana kitu, na bado anagawa. Mwambie nitampa mbuzi jike aanze upya."

"Anasema Mungu akubariki."

Mreno akainama, akaenda zake. Mzee akala sahani zote mbili taratibu, kama mtu aliye matangani. Alipomaliza, akanielekezea lile jicho zima.

"Mwenye mifugo hamleti mkwe wake kula samaki. Huchinja. Kaka yako anachunga nini huko Kerio?"

"Anavua, baba."

"Basi huyu mzungu ni mwanamume kuliko wewe. Njaa yake ameiweka mezani, kila mtu aione. Wewe yako umeifunika kitambaa."

Binti aliolewa na mtu wa ngamia. Simlaumu mzee. Mtu aliyemwahidi mgeni mbuzi kwa sababu ya umaskini wake angenisubiri na mimi, kama ningemwambia ukweli tangu Kakuma. Hilo nililielewa nikiwa bado nimeketi pale mezani, sahani mbili tupu mbele yetu.

Tulirudi naye kwa lori moja. Kutoka Kitale hadi Kainuk hakutaja ndoa hata kidogo. Aliniuliza tu kama yule Mreno ana mtu wa kumchungia yule mbuzi.